Utunzaji wa Nywele za Kipilipili Tangu Bibi Walker Hata Leo

Mtu hakuchagua nywele alizozaliwa nazo, bali huchagua atakavyozitendea. Uchaguzi huo huonekana kuwa jambo dogo la nyumbani, la mkeka na chanuo, lisilostahili wino wa mwandishi wa historia. Na waandishi wa historia, ambao kwa muda mrefu walikuwa wanaume, wamelipita kama msafiri apitavyo kisima akiwa hana kiu. Walakini tangu karne ya kumi na nane zimetungwa sheria juu ya nywele za watu weusi, watoto wamefukuzwa shule kwa ajili yake, watumishi wameshindwa kesi, mali nyingi imechumwa, na ngozi za vichwa zimeungua. Jambo lililogharimu hivyo si dogo. Na katika kila zama swali limekuwa lile lile: mwanamke akaapo kuzitunza nywele zake, analitaka nini kutoka kwake, na nani aliyemtia shauku hiyo?

Yafaa kuanza na maumbile, maana ndiyo asili ya kazi yote. Unywele wa kipilipili hutoka katika ngozi ukiwa umepinda, na ukitazamwa kwa hadubini huonekana bapa kuliko duara. Mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa, ambayo katika nywele za singa huteleza mpaka chini kwa wepesi, hapa hukwama katika kona za mwanzo. Kwa hiyo ncha hubaki kavu, na kila pindo ni mahali ambapo unywele waweza kukatika. Hata ukuaji wake ni wa polepole: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 vilionyesha kuwa nywele za Waafrika hukua kadiri ya robo ya milimita kwa siku, ilhali za Wazungu hukaribia sehemu nne za kumi za milimita. Mwenye kungoja mwaka mzima atapata sentimita tisa hivi, na hizo ni ikiwa hazikukatika njiani.

Mabibi wa zamani hawakuwa na hadubini, lakini walitenda kama kwamba waliyasoma hayo. Wanawake wa Kihimba wa Namibia hupaka nywele mchanganyiko wa samli na udongo mwekundu. Wanawake wa Kibasara wa Chad huzifunga kwa unga wa chebe uliochanganywa na mafuta, wasizichane ovyo. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki yalikuwako mafuta ya nazi na ya nyonyo, chanuo la mti lenye meno mapana, asumini za kutia harufu, na zaidi ya yote mikono ya msusi. Kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki vema. Kwa hiyo utunzaji wa nywele ulikuwa lazima uwe kazi ya watu wawili, mmoja juu ya kiti na mwingine mkekani, kwa saa nyingi, na katika saa hizo habari za mtaa zilisukwa pamoja na nywele. Majina ya misuko yenyewe ni historia. Ule ususi rahisi wa mistari michache uitwao twende kilioni wajitangaza kuwa ni wa mtu mwenye haraka ya kufika msibani, asiyetaka kujipamba wala kuonekana hana adabu. Makusudio ya nywele yalikuwa wazi: zisikatike, zisichafuke, na ziseme hali ya mwenyewe kwa watu wanaoijua lugha hiyo.

Utumwa ulivunja mpango huo kwa wale waliovushwa Bahari ya Atlantiki. Katika mashamba ya Marekani hapakuwa na chanuo wala mafuta ya mawese, wala hapakuwa na siku ila Jumapili. Watu walichana nywele kwa vyombo vya kuchambulia sufu ya kondoo, wakapaka mafuta ya nguruwe, na siku za kazi wakazifunga kwa vitambaa. Hata kitambaa hakikuachwa. Mwaka 1786, wakati Louisiana ilipokuwa chini ya Hispania, Gavana Esteban Miró aliamuru wanawake weusi waliokuwa huru katika mji wa New Orleans wafunike nywele zao kwa kilemba, kwa kuwa mapambo ya vichwa vyao yalikuwa yanawafanya waonekane sawa na mabibi wa Kizungu. Wanawake wale wakatii kwa namna yao: walichagua vitambaa vya rangi kali, wakavifunga kwa ustadi mwingi, na alama ya unyonge ikawa fahari. Amri ilitimizwa, lakini kusudi la amri halikutimia.

Mtu ambaye jina lake limekaa katikati ya historia hii alizaliwa katika jimbo hilo hilo. Sarah Breedlove alizaliwa huko Delta, Louisiana, tarehe 23 Desemba 1867, akiwa wa kwanza nyumbani kwao kuzaliwa baada ya utumwa kukoma. Wazazi wake walikuwa watumwa katika shamba la pamba. Alikuwa yatima akiwa na umri wa miaka saba, akaolewa akiwa na miaka kumi na minne, akawa mjane akiwa na miaka ishirini, na mtoto mmoja wa kike mkononi. Akahamia St. Louis walikokuwa kaka zake, ambao walikuwa vinyozi, akafanya kazi ya udobi kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo nywele zake zilianza kung'oka.

Hapo yataka kusimama kidogo, maana jambo hili limesahauliwa na wengi wanaomlaumu. Wanawake maskini wa wakati ule, weusi kwa weupe, hawakuwa na maji ya bomba nyumbani, na wengi waliosha nywele mara chache mno, pengine mara moja kwa mwezi. Mba, vidonda na upara vilikuwa maradhi ya kawaida. Mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu wengine tangu alfajiri hata magharibi hakuwa na nafasi ya kuosha kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo haja ya Sarah haikuwa kufanana na Mzungu. Haja yake ilikuwa kuwa na nywele.

Alianza kwa kutumia na kuuza dawa za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Malone na kwa mali yake iliyoitwa Poro. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker. Tangu hapo akajiita Madam C. J. Walker na kuuza dawa yake mwenyewe, Wonderful Hair Grower. Alisimulia kuwa aliotea mchanganyiko wake: mtu mkubwa mweusi alimtokea usingizini akamwambia avitafute vitu fulani, na vingine katika hivyo viliota Afrika. Annie Turnbo hakuiamini ndoto hiyo hata kidogo, naye alilalamika kuwa ameigwa. Mwanahistoria naye halazimiki kuiamini, kwa kuwa dawa yenyewe ilikuwa hasa mafuta mazito ya aina ya vaselini pamoja na salfa, vitu ambavyo waganga wa ngozi walivijua tangu zamani. Lakini ni vema kuangalia kuwa mfanyabiashara yule, alipotaka wateja wake waamini dawa, hakusema imetoka Paris. Alisema imetoka Afrika.

Nguvu ya mpango wake haikuwa katika kopo peke yake. Aliwafundisha wanawake kuosha nywele mara kwa mara, kusugua ngozi ya kichwa, kupaka dawa, kisha kupitisha chanuo la chuma lililotiwa moto. Hilo la mwisho ndilo lililozua ugomvi ambao haujaisha. Yeye hakulivumbua chanuo la moto, ijapokuwa wengi husema hivyo. Vyuma vya moto vya kutengenezea nywele vilikuwa vikitumika Ufaransa katika miaka ya 1870. Tena alichukia kuitwa mnyosha nywele, akashikilia kuwa kazi yake ni kuotesha. Pamoja na hayo, mteja aliyetoka mlangoni mwa wakala wake aghalabu alitoka na nywele zilizonyoka. Kusudi lililoandikwa juu ya kopo lilikuwa afya, na kusudi lililoonekana barabarani lilikuwa jingine. Ni haki kusema yote mawili.

Na liko la tatu, ambalo pengine ni kubwa zaidi. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi uliofanyika Chicago, Booker T. Washington hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho Bibi Walker alisimama bila kuitwa, akaueleza mkutano jinsi alivyotoka katika mashamba ya pamba akaingia udobini, kutoka udobini akaingia jikoni, na kutoka jikoni akajipandisha cheo mwenyewe. Mwaka 1913 alialikwa kwa heshima. Maelfu ya wanawake walijifunza kazi kwake, wakaacha kufua na kupika katika nyumba za watu. Alipowakusanya mawakala wake Philadelphia mwaka 1917 aliwatunza si waliouza sana tu, bali na waliotoa sana sadaka. Na mkutano ule wa wasusi na wauza mafuta ulimpelekea Rais Wilson simu ya maandishi kulalamikia mauaji ya watu weusi. Bibi huyu alifariki tarehe 25 Mei 1919. Mtu anaweza kulikataa chanuo lake la moto na bado akauheshimu ule mkutano.

Chanuo la moto lilikuwa na upungufu mmoja ambao ulikuwa pia rehema: kazi yake ilifutwa na maji. Mvua ikinyesha, nywele hurudi kama zilivyoumbwa. Waliotaka kuishinda mvua walitafuta kitu kikali zaidi. Yasimuliwa kuwa Garrett Morgan, fundi wa cherehani wa Cleveland, alikuwa akitafuta maji ya kulainishia sindano zisiunguze kitambaa, akaona yamenyosha vinyweleo vya nguo. Akayajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa kichwa chake, na mwaka 1913 akaanzisha kampuni ya kuyauza. (Ni mtu yule yule aliyepata hati ya taa ya kuongozea magari mwaka 1923.) Katika vyumba vya vinyozi wanaume nao walitumia magadi makali, yaani kostiki soda, yaliyochanganywa na viazi na mayai. Malcolm X ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1965, jinsi alivyovumilia moto huo kichwani akiwa kijana, na jinsi alivyouona baadaye kuwa ni aibu aliyojitakia.

Namna dawa hiyo ifanyavyo kazi ni rahisi kuieleza. Ndani ya unywele mna vifungo vya salfa viushikavyo umbo lake. Moto na maji haviwezi kuvivunja. Magadi makali huvivunja, na vikisha kuvunjika haviungi tena. Kwa hiyo unywele uliotiwa dawa haurudi. Hukatwa, au hungojwa mpaka uote mwingine. Na kwa kuwa mwingine huota daima, dawa hutiwa tena kila baada ya wiki kadhaa. Mfanyabiashara hakuweza kuota soko bora kuliko hilo. Kampuni aliyoianzisha George Johnson huko Chicago mwaka 1954 ilikua kwa dawa za namna hiyo hata ikawa mwaka 1971 kampuni ya kwanza ya watu weusi kuuza hisa zake katika soko kubwa la hisa la Marekani. Na kutoka huko desturi ya kutia dawa ilienea mpaka saluni za Nairobi na Dar es Salaam.

Kabla ya hapo upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Odetta aliimba na nywele zake za asili katika miaka ya 1950, na Miriam Makeba, alipofika Marekani mwaka 1959, hakuzibadili zake. Tarehe 28 Januari 1962 kundi la vijana wa Harlem lilifanya maonyesho yaliyoitwa Naturally '62, ambamo wasichana weusi walitembea mbele ya watu na nywele zisizonyoshwa. Miaka michache baadaye afro ilikuwa bendera. Katika misitu ya Kenya bendera hiyo ilikuwa imekwisha kupandishwa bila maonyesho: wapiganaji wa Mau Mau waliacha nywele zikajisokota zenyewe, na mmoja wao, Muthoni Kirima, hakuzikata baada ya uhuru, akisema bado hajayaona matunda aliyoyapigania. Alizikata mwezi wa Aprili 2022, akiwa bibi mwenye miaka zaidi ya tisini.

Tanganyika ya zamani nayo ilikuwa na shauri lake. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na nywele za bandia, nayo Operesheni Vijana ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1969. Kusudi lilitangazwa kuwa ni kuulinda utamaduni. Walakini waliosimamishwa barabarani na kuzomewa, na wengine kupigwa, walikuwa zaidi wasichana. Na barua zilizoandikwa magazetini wakati ule zauliza kwa nini utamaduni wa taifa zima ubebwe na mwili wa msichana, ilhali suti na tai za wanaume hazikuulizwa zilitoka wapi. Hapa ndipo udhaifu wa zama zile unapoonekana. Bibi mwenye chanuo la moto aliambiwa azinyoshe nywele ili astahili kazi, na binti yake akaambiwa asizinyoshe ili astahili taifa. Ni mara chache mmoja wao aliulizwa.

Mahakama na shule zimeendelea na kesi hiyo. Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, penseli iliweza kutiwa katika nywele za mtu ili aamuliwe kabila: ikidondoka, huyu, ikikwama, yule. Mwaka 1981 mahakama moja ya Marekani ilimkatalia Renee Rogers, mtumishi wa shirika la ndege, haki ya kwenda kazini na nywele zilizosukwa. Mwaka 2016 wasichana wa shule moja ya Pretoria waliandamana kupinga kuambiwa wazinyoshe nywele zao. Mwezi wa Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa msichana aliyefukuzwa shule kwa ajili ya rasta, zilizokuwa sehemu ya dini yake, alionewa. Mwaka ule ule jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya kuwalinda wenye nywele za asili, iitwayo CROWN, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni taji. Majimbo mengine zaidi ya ishirini yamefuata.

Kisha likaja neno la madaktari. Tangu mwaka 1968 ulikuwako upara uliohusishwa na chanuo la moto. Lakini habari ya Oktoba 2022 ilikuwa nzito kuliko hiyo. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliwafuata wanawake 33,497 kwa muda wa karibu miaka 11, na katika hao 378 walipata kansa ya mji wa mimba. Kwa wasiotumia dawa za kunyosha nywele, hatari ya kupata maradhi hayo kabla ya kufika miaka 70 ilikadiriwa kuwa 1.64 katika mia. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka ilikuwa 4.05. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kuwa dawa ndiyo iliyoleta kansa, tena kansa hiyo si ya wengi. Hata hivyo, ni vigumu mwanamke azisome tarakimu hizo akiwa na kopo mkononi, asiliweke chini.

Hata bila tarakimu hizo wengi walikuwa wamekwisha kuliweka chini. Tangu mwanzo wa karne hii wanawake weusi wa Marekani, Ulaya na Afrika wamezikata nywele zilizotiwa dawa na kuanza upya, na katika kuanza wakafanya jambo ambalo mabibi zao hawakulifanya: waliandika. Waliandika waliziosha lini, kwa nini, walipaka mafuta gani, sentimita ngapi zimebaki. Na mwaka ulipokwisha walizihesabu na kujiwekea makusudio mapya. Maandishi hayo yataka kusomwa na wanahistoria wa kesho, maana yanaonyesha fikira inayogeuka. Mwanzoni karibu kila mmoja alitaka urefu, afike mabegani, afike kiunoni, kana kwamba singa ilikuwa imetolewa mlangoni ikarudi dirishani. Polepole lengo likawa jingine: ncha zisikauke, kichwa kisiwashe, msuko usivute mpaka paji la uso likapoteza nywele, kitambaa laini kifungwe usiku, chanuo lianze nchani wala si shinani. Yaani wamerudi, kwa njia ndefu na ya gharama, kwenye mafuta ya nyonyo na chanuo la meno mapana.

Gharama hiyo haikupungua kwa kuwa fahari imeongezeka. Kampuni ya Johnson iliuzwa mwaka 1993, na Soft Sheen ya Chicago ikanunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa mwaka 1998. Makopo ya leo yaliyoandikwa kuwa ni ya asili mara nyingi yanatoka katika nyumba zile zile zilizouza magadi. Mawakala wa Bibi Walker walau walikuwa na sehemu yao katika faida.

Na huku mafundisho hayo yakienea, katika shule nyingi za serikali za Tanzania na baadhi za Kenya msichana hutakiwa awe na nywele fupi mno au kichwa kilichonyolewa, kwa ajili ya usafi na masomo. Sababu hizo zina uzito wake: msuko ni ghali, saa ni chache, na mwana wa maskini hakai darasani akijilinganisha na mwana wa tajiri. Lakini matokeo yake ni kuwa amalizaye kidato cha nne, ambaye wembe umempita tangu darasa la kwanza, huanza kuzijua nywele zake akiwa na umri ambao bibi yake alikwisha kuwasuka wengine. Aendapo saluni mara ya kwanza na sentimita zake mbili, swali aulizwalo hata leo, kabla hajaketi, ni kama atatiwa dawa.